Shahada ya Ualimu, Cheti cha Wiki Nne au Kozi ya Simu: Kipi Kitakufikisha Darasani Ughaibuni?

Jumamosi moja nikisubiri matatu ya Kisumu pale Luanda, kijana niliyemfundisha kidato cha tatu alinisogelea, simu mkononi. "Madam, habari ya siku nyingi. Hebu nitazamie hii." Lilikuwa tangazo la kozi ya saa 120 ya kufundisha Kiingereza, bei imeshushwa kutoka dola 300 hadi dola 29, ofa inaisha saa sita usiku. Yeye yuko mwaka wa pili Maseno, anasomea biashara. Alitaka kujua jambo moja tu: akilipa hizo dola 29, anaweza kuacha chuo akaenda kufundisha Asia?

Nilimwambia asilipe usiku huo. Matatu ikaja, makanga akapiga bati, nikapanda kabla sijamaliza. Haya ndiyo ningemwambia kama tungekuwa na saa moja na chai.

Kwanza ujue nasimamia wapi. Nilisomea ualimu wa Kiingereza na Fasihi, nikafundisha Vihiga miaka minne kama mwalimu wa bodi, yaani yule anayelipwa na shule huku akingoja TSC, Tume ya Huduma za Walimu, imkumbuke. Kisha nikafanya cheti cha kufundisha Kiingereza kwa wasiokijua, nikaenda Thailand miaka miwili. Kozi ya bei rahisi niliinunua pia, kabla ya hayo yote. Cheti chake nimekihifadhi kwenye faili moja na risiti za stima.

Njia zote tatu nimezipita, na kosa ninaloliona kwa vijana wengi ni kuzilinganisha kama viatu dukani: bei ngapi, muda gani. Shahada huwa inatazamwa na afisa wa uhamiaji. Cheti chenye mazoezi kinatazamwa na mtoto aliyekaa mbele yako asiyejua hata neno "sit". Kozi ya simu inatazamwa na mwajiri anayejaza fomu. Hawa ni watu watatu tofauti, na kila mmoja ana swali lake.

Shahada, na muhula mmoja unaozidi miaka yote

Huku magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa huhitaji kwenda mbali. Maseno, Egerton pale Njoro, Masinde Muliro mjini Kakamega, Kibabii Bungoma, Moi kule Eldoret: kote kuna shahada ya elimu, na Kiingereza kwa kawaida hufungwa pamoja na Fasihi. Ili TSC ikusajili kama mwalimu wa shule ya upili kwa njia hiyo, inataka C+ ya jumla katika KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili, na C+ katika masomo yako mawili ya kufundisha. Mwenye C anaweza kusomea diploma ya shule ya msingi katika vyuo kama Kaimosi, Eregi, Asumbi au Migori. Diploma hiyo ndiyo iliyochukua mahali pa P1, cheti cha zamani cha walimu wa msingi.

Darasani chuoni utapitia saikolojia ya elimu, falsafa, mitaala, upimaji, fonolojia, sintaksia. Nusu yake utaisahau kabla ya mahafali. Kitakachokaa ni mazoezi ya kufundisha, muhula mzima katika shule halisi.

Yangu niliyafanyia shule ya kutwa kando ya barabara ya kwenda Busia. Kidato cha pili, wanafunzi 62, dawati la wawili likikaliwa na watatu. Kila usiku niliandika andalio la somo kwa mwanga wa simu: lengo, hatua, shughuli ya mwalimu, shughuli ya mwanafunzi, dakika. Maazimio ya kazi ya muhula yalikuwa kwenye faili, rekodi ya kazi ikijazwa kila wiki. Mtahini kutoka chuoni hakutoa taarifa. Alishuka kwenye bodaboda saa nne na dakika tano, suruali imejaa vumbi, akaenda moja kwa moja hadi dawati la nyuma na kufungua faili yangu kabla hajanitazama usoni. Baada ya somo aliniita chini ya mwembe. "Sarufi umeifundisha vizuri," alisema. "Lakini wale watatu wa dirishani hawajafungua mdomo tangu uingie."

Miaka kadhaa baadaye, Thailand, saa mbili kamili asubuhi watoto wakiwa wamepanga mistari, bendera ikipanda na wimbo wa taifa ukipigwa, nilijiona kama niko gwaride la Jumatatu Vihiga. Darasa la watoto 45 halikunitisha. Mwenzangu Mwingereza, mwenye shahada ya jiografia na cheti cha mwezi mmoja, alitetemeka wiki ya kwanza, na sikumlaumu. Hakuwahi kusimama mbele ya umati wa watoto. Tena Kiingereza alizaliwa nacho, hakukifundishwa. Mtoto mmoja alipotaka kujua kwa nini haisemwi "many water", alijibu kwamba ndivyo tu inavyosemwa. Sisi tulioadhibiwa kwa "many water" darasa la nne sababu tunaijua hadi leo.

Hiyo ndiyo nguvu ya shahada yetu: mpango, nidhamu ya darasa kubwa, na sarufi iliyosomwa kama kitu kinachoelezeka. Mwalimu Mkenya pia amejifunza Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu, kwa hiyo anajua ni wapi kinauma. Sikuwahi kusikia chuo chochote kikiwaambia wanafunzi wake kwamba huo ni mtaji.

Upungufu nao ni mkubwa, na unatokana na kile tunachofundishia. Kiingereza cha KCSE kina karatasi tatu. Ya kwanza, alama 60, ni matumizi ya lugha. Ya pili, alama 80, ni ufahamu, uhakiki wa fasihi na sarufi. Ya tatu, alama 60, ni insha na vitabu vilivyoteuliwa. Hata stadi za kuzungumza hupimwa kwa kalamu: mtahiniwa anaandika ni silabi ipi ingetiwa mkazo, au angesimamaje kama angekuwa anatoa hotuba. Mtaala wa umilisi una nia tofauti, lakini walimu wengi walioko kazini walilelewa na karatasi hizo tatu, na mimi ni mmoja wao.

Isitoshe, mwanafunzi wetu anafika shule ya upili akiwa na miaka ya Kiingereza kichwani. Akikwama tuna mkongojo. "Nani ataniambia 'reluctantly' ni nini? Shingo upande." Darasa linaitikia "aaah," tunaendelea. Imechukua sekunde tatu. Kule nilikokwenda hakukuwa na shingo upande. Siku ya kwanza nilisema, kwa sauti yangu nzuri ya mwalimu wa Kiingereza, "I would like you all to take out your exercise books and copy the date." Watoto 45 wenye umri wa miaka tisa walinitazama kwa heshima kubwa. Hakuna aliyesogea.

Cheti chenye wanafunzi wa kweli

Pengo hilo ndilo ambalo vyeti vya kufundisha Kiingereza kwa wageni vilitengenezewa. Majina mawili yanatambulika karibu kila mahali: CELTA ya Cambridge na CertTESOL ya Trinity College London. Zote ziko ngazi ya 5 katika mfumo wa sifa wa Uingereza, na zote zinataka angalau saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi huku mkufunzi akikutazama. CELTA ina angalau saa 120 za mafunzo, kazi nne za kuandika, na saa kadhaa za kuwatazama walimu wazoefu wakifanya kazi. Lazima ufundishe wanafunzi wa viwango viwili tofauti, kwa mfano wanaoanza na wa kati. Unaweza kuimaliza kwa wiki nne za kutwa nzima, au kuisambaza kwa miezi. Tangu 2020 inawezekana pia kuifanya yote kwa mtandao, na wanafunzi wa mazoezi ni watu wa kweli walio upande wa pili wa skrini.

CertTESOL ya Trinity ina jambo moja ninaloliona la busara kuliko yote. Unafundishwa kwa saa chache lugha usiyoijua kabisa, kwa lugha hiyo hiyo, bila tafsiri, kisha unaandika ulivyojisikia. Mwalimu aliyekaa nusu saa akitoa jasho mbele ya neno la lugha ngeni hatamwambia tena mtoto "mbona hili ni rahisi".

Mimi nilifanya ya Cambridge kwa mtandao, miezi mitatu, katika chumba cha nyuma mtaa wa Manyatta mjini Kisumu. Stima ikipotea nahamia bando la simu na taa ya sola. Wanafunzi wangu walikuwa watu wazima tisa, wengine wakiniona wakiwa jikoni kwao. Somo la kwanza nililiandaa kama nilivyozoea: utangulizi, maelezo, mifano mitano, maswali. Nilihisi limekwenda vizuri. Maoni ya mkufunzi yakaja jioni, na mstari wa kwanza ulisema nimezungumza dakika 31 kati ya 45.

Nilikasirika siku mbili. Mwalimu asipozungumza, alipwe kwa nini? Lakini nilipoisikiliza rekodi, mwanamke mmoja mtulivu alikuwa amesema maneno manne somo zima. Mtahini wa chini ya mwembe alikuwa ameniambia jambo lile lile miaka mingi nyuma. Tofauti ni kwamba yeye alinionyesha kosa kisha akapanda bodaboda. Mkufunzi huyu alinionyesha la kufanya badala yake, na kesho kutwa nikajaribu tena huku anatazama.

Nitatoa mfano mmoja, kwa sababu hapa ndipo pesa inapoenda. Chukua "He used to smoke." Kwetu ningeeleza, kisha niulize, "Mmeelewa?" Jibu la "Ndiyo mwalimu" hutoka kwa sauti moja, hata kwa waliolala. Kwenye kozi tulikatazwa kabisa swali hilo. Badala yake unauliza maswali madogo yanayolazimisha maana ijitokeze: Anavuta sasa? Hapana. Zamani alivuta? Ndiyo. Mara moja, au siku nyingi? Siku nyingi. Asiyeelewa hawezi kujificha nyuma ya wenzake. Maswali hayo matatu unayaandika kwenye andalio lako kabla ya kuingia darasani, na mkufunzi akiona hukuyaandika anakuuliza ungejuaje.

Maagizo nayo yalikatwa. "I would like you all to take out your exercise books" ikawa: nyanyua daftari, "Open," fungua, andika tarehe ubaoni, nyoosha kidole. Inaonekana kama mchezo wa kuigiza, na kwa wiki ya kwanza niliona haya. Watoto wa Thailand walifungua madaftari.

Matamshi ni jambo jingine lililonifumbua macho. Kiswahili kina irabu tano tu, kwa hiyo "ship" na "sheep" kwetu ni mnyama mmoja anayeelea. Mzungumzaji wa Dholuo ana mzigo wa "sh", Mkalenjin wa "g" na "k". Chuoni tulisoma fonolojia hii kama nadharia na kuijibia mtihani. Kwenye cheti nilifundishwa mahali pa kuweka ulimi, namna ya kumwonyesha mtu mzima bila kumdhalilisha, na kwamba shabaha ni kueleweka. Hakuna anayelazimika kusikika kama mtangazaji wa London.

Sasa mapungufu, maana sitaki nionekane nimekuja kuuza. CELTA imetengenezwa kwa ajili ya kufundisha watu wazima. Darasa la watu tisa waliokuja kwa hiari yao, kila mmoja na daftari lake, halikuandai kwa mtoto anayelia kwa sababu mwenzake amemnyang'anya kifutio. Hapo nilirudia mbinu za Vihiga. Bei pia si ya mchezo: mara nyingi hupita pauni 1,000, na wewe ndiye utakayezidisha kwa bei ya pauni ya siku hiyo. Kuingia kuna usaili na zoezi la lugha, na Kiingereza chako kinatakiwa kiwe ngazi ya juu, C1 au C2. Halafu kuna hili linalowaumiza wengi: cheti hiki pekee hakikufanyi kuwa mwalimu aliyesajiliwa na TSC, wala hakichukui nafasi ya shahada kwenye ombi la viza.

Kozi ya simu

Hapa sitakaa sana. Kozi za saa 120 zisizo na wanafunzi ni video, maswali ya kuchagua jibu, na cheti cha PDF. Saa 120 imekuwa kama namba ya bahati kwa sababu ndiyo inayotajwa kwenye matangazo mengi ya kazi, na wauzaji wanajua hivyo. Hakuna chombo kimoja cha dunia kinachozisimamia; hao wanaojiita wathibitishaji mara nyingine ni jirani wa muuzaji mwenyewe.

Si kwamba hazina faida kabisa. Yangu ilinifundisha msamiati wa kazi: niliposikia neno fulani kwenye CELTA sikushtuka. Na kama tayari una shahada ya ualimu na uzoefu, na mwajiri wa Vietnam anataka tu kuona cheti cha aina hiyo kwenye faili, kozi ya bei nafuu itakutosha. Ila usiitarajie ikufundishe kufundisha. Nani amewahi kujifunza kuendesha boti ya Dunga, pale ziwani Kisumu, kwa kutazama video?

Ahadi ya "fundisha watoto wa Uchina ukiwa nyumbani" nayo ipuuze. Julai 2021 serikali ya Uchina ilibana biashara ya masomo ya ziada na kupiga marufuku kuajiri walimu walioko nje ya nchi kufundisha watoto wake kwa mtandao. Soko hilo lilianguka ndani ya miezi michache. Matangazo mengine bado yanaliimba.

Chagua nchi kabla ya kozi

Ningekuwa na dakika tano tu na yule kijana, ningezitumia hapa. Kila nchi ina afisa wake wa uhamiaji, na afisa huyo hajali mkufunzi wako alikusifu vipi. Wakati mwingine hajali hata shahada yako. Anatazama pasipoti.

Korea Kusini ni mfano ulio wazi. Viza yake ya walimu wa mazungumzo ya Kiingereza, E-2, kwa kawaida inatolewa kwa raia wa nchi saba tu ambazo Kiingereza kinahesabiwa kuwa lugha yao ya asili: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo. Uwe na shahada, uwe na CELTA daraja la A, uwe na Kiingereza kinachomfanya Mwingereza aombe radhi, jibu ni lile lile. Linauma. Uchina nayo kanuni zake za walimu wa lugha zinapendelea mzawa wa lugha husika, mwenye shahada na uzoefu wa miaka miwili. Wakikwambia uende kwa viza ya masomo au ya biashara kisha "mtarekebisha huko", anayerekebishwa ni wewe, uwanja wa ndege, na mabegi yako.

Thailand iko wazi zaidi kwetu. Wanataka shahada ya chuo, cheti cha tabia njema, na kwa wasiotoka kwenye nchi wanazoziita za wazawa, matokeo ya mtihani wa Kiingereza kama TOEIC au IELTS. Juu ya viza na kibali cha kazi kuna leseni ya ualimu chini ya Baraza la Walimu la nchi hiyo, linaloitwa Khurusapha. Asiye na elimu ya ualimu hufundisha kwa kibali cha muda, na lazima akihuishe. Mwenye shahada ya elimu ana njia fupi zaidi ya kupata leseni yenyewe, na hapo miaka yangu minne ya chuo ililipa deni lake. Vietnam inataka shahada ya fani yoyote, cheti cha kufundisha, na rekodi safi ya polisi, vyote vikiwa vimethibitishwa kisheria.

Ghuba ni soko la wenye shahada na uzoefu. Shule za Falme za Kiarabu kwa kawaida zinataka shahada inayolingana na somo, miaka miwili darasani, na vyeti vilivyopigwa mihuri kutoka wizara ya mambo ya nje hadi ubalozini. Cheti kifupi ni nyongeza tu.

Marekani ina mpango wa walimu wa kubadilishana chini ya viza ya J-1. Hapo wanadai shahada, miaka miwili ya kufundisha kutwa nzima, na Kiingereza cha kutosha. Unakaa miaka mitatu, na huweza kuongezwa. Kwa mpango huo CELTA haikusaidii chochote ukilinganisha na barua ya mwalimu mkuu inayosema ulifundisha lini hadi lini. Hapa walimu wa bodi mnisikilize: dai barua yako ya uajiri na hati za malipo sasa, mwalimu mkuu akiwa bado yuko. Nilirudi Vihiga mara tatu kutafuta sahihi moja.

Na kuna mlango ambao waliosomea Kiingereza hawautazamii. Programu ya Fulbright ya wasaidizi wa kufundisha lugha, FLTA, huwachukua walimu kutoka Kenya kwa mwaka mmoja wa masomo katika vyuo vikuu vya Marekani, na wanachokwenda kufundisha ni Kiswahili. Nina rafiki aliyejiandaa miaka mingi kupeleka Kiingereza kwa watu, akaishia kuwafundisha Wamarekani ngeli. Anasema maswali yale madogo ya kupima maana yanafanya kazi vilevile kwa "nilikuwa nikila" na "nilikula".

Majirani nao tusiwasahau. Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundishia kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, na Sudan Kusini ilikifanya Kiingereza lugha rasmi ilipopata uhuru 2011. Kote huko Mkenya mwenye shahada na ujuzi wa darasa kubwa anaeleweka haraka, na ukiugua unaweza kurudi nyumbani kwa basi.

Basi, nani achague nini

Kama uko kidato cha nne na unajua unataka ualimu, sitakuzungusha: soma shahada ya elimu. Hata safari isipotokea, TSC iko, shule za binafsi ziko. Cheti kije baadaye, ukishafundisha angalau mwaka, kwa sababu mkufunzi akikwambia unaongea sana utakuwa na darasa la kweli kichwani la kulinganishia. Waliofanya kinyume niliosoma nao walikuwa wakiyachukua maoni kama kanuni za mchezo.

Kama una shahada nyingine, ya biashara, kilimo au sayansi, una njia mbili. Ukitaka kubaki na mguu mmoja Kenya, stashahada ya uzamili ya elimu ya mwaka mmoja inaweza kukufikisha TSC, mradi masomo yako mawili yawe yanafundishwa shuleni na alama zako za KCSE zitoshe. Ukitaka Thailand au Vietnam moja kwa moja, tia pesa zako kwenye cheti chenye mazoezi. Wewe hukupitia muhula chini ya mtahini. Hizo saa 6 ndizo mazoezi yako pekee, usizikwepe kwa dola 29.

Kama ni mwalimu mwenye diploma ya msingi, ukweli ni kwamba nchi nyingi nilizozitaja zitakukwamisha kwenye neno shahada. Ningeanza kwa kujiendeleza likizo hadi nipate shahada kabla ya kutumia hata shilingi kwa cheti cha ng'ambo. Wewe, hata hivyo, ndiwe mwenye ujuzi wa kuimba na watoto wa miaka sita, na hicho ndicho wengi wetu wa upili tulichokikosa.

Asiye na shahada kabisa, ambaye ndiye mteja mkuu wa yale matangazo, asinunue chochote kwanza.

Kabla hujalipa mtu yeyote

Binamu yangu alilipa shilingi 45,000 kwa wakala mmoja mjini Nakuru, ofisi ya ghorofani yenye ramani ya dunia ukutani, kwa "usajili" wa kufundisha Korea. Walimpa kozi ya mtandao kama zawadi. Kanuni ya nchi saba ingemwokoa kwa dakika mbili, lakini hakuna aliyemwambia, na wakala hakuwa na haraka ya kumwambia. Mawakala wa ajira wa ng'ambo wanapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na orodha ya wenye leseni inatazamika. Itazame ukiwa bado na pesa mfukoni.

Hati nazo zina mpangilio wake. Cheti cha tabia njema unaomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kupigwa alama za vidole. Huduma Centre ya Kisumu ilinimaliza asubuhi moja. Usikichukue mapema mno, maana waajiri wengi hawakubali cha zamani. Matokeo ya IELTS nayo yanadumu miaka miwili, kwa hiyo mtihani uje baada ya kuchagua nchi.

Na anayekuuzia kozi, yoyote ile, muulize haya mawili kabla ya bei: nitafundisha watu halisi saa ngapi, na nani atakaa nyuma ya darasa akinitazama? Akianza kukueleza juu ya muhuri wa dhahabu ulio kwenye cheti, umeshapata jibu.

Yule kijana alinipigia wiki mbili baadaye. Hakuwa amelipa. Anamaliza shahada yake, na Jumamosi anasaidia kufundisha Kiingereza watoto wa darasa la tano kanisani kwao Maseno, bila malipo. Ameanza kuandika andalio. Nilimuuliza kuhusu ile ofa iliyokuwa inaisha saa sita usiku. "Madam," aliniambia akicheka, "mpaka leo inaisha saa sita usiku."